Bi Karibu na Nyumba Yake ya Simu

Mara ya kwanza aliponijia dukani alikuwa amebeba simu ya mezani ndani ya kapu la sokoni, waya wake umeviringwa vizuri, na mimi nikadhani analeta mali ya wizi.

"Dada, hiyo irudishe ulikoitoa," nikamwambia. "Hapa tunauza pampu na mabomba. Simu za watu hatununui."

"Sijaja kuuza simu," akasema. "Nimesimama hapo nje naisikia yako ikilia mpaka inachoka. Nimekuja kukuuzia kupokelewa."

Hapo akanigusa penye kidonda. Duka langu lina kaunta mbele, stoo nyuma, na mhasibu juu ya ngazi, na wakati ule kila mahali palikuwa na simu yake na namba yake. Mteja akipiga kaunta, kaunta imejaa watu. Akipiga stoo, nani asikie simu msumeno wa mabomba ukiwa kazini? Mteja hangoji. Anakata, anapiga kwa mwingine, na katika biashara ya pampu huyo mwingine hayuko mbali.

Tayari kampuni moja ilikuwa imenitumia kijana wa tai aliyetaka kupigilia sanduku la mtambo wa simu ukutani kwangu kwa bei ya kuezekea nyumba. Huyu mama wa kapu yeye hakutaka kupigilia chochote.

"Mtambo wako utakaa kwangu," akasema.

"Kwako wapi?"

"Nyumbani. Nina chumba chake." Akavuta kiti bila kukaribishwa. "Chukulia nyumba ya kupangisha. Msingi mmoja, paa moja, umeme mmoja. Ndani kuna vyumba, na kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake. Mimi nina kompyuta kubwa, ndiyo seva. Hiyo ndiyo nyumba. Mtambo wako wa simu utakuwa chumba ndani yake. Watu wa nje watakujua kwa namba moja. Kwa ndani, kaunta yako itakuwa mia na moja, stoo mia na mbili, mhasibu mia na tatu."

"Na hao wapangaji wengine?"

"Nao kila mmoja ana mia na moja yake, na hazigongani. Kila nyumba ina mtu anaitwa mama, umeshasikia mtoto amemchanganya na wa jirani?"

Nikacheka, ingawa wakati wa kupatana bei huwa sichekicheki ovyo. Nikauliza kina nani wamo kwenye hivyo vyumba vingine.

"Ukipanga chumba, hupangi na majina ya wapangaji."

"Na nikikuuliza vizuri?"

"Hata ukipiga magoti. Na wao wakiniuliza habari zako watapewa jibu hilohilo."

Basi tukaingia kwenye bei. Mimi nilianza maisha kwa kuuza mpira wa maji kwa mita, nimeuzungusha begani kama nyoka, na nilichojifunza juani ni kwamba bei ya kwanza ni salamu tu, haijawa mazungumzo. Nikamlia shida. Nikanyamaza. Nikamwambia namrudia kijana wa tai. Yeye akaanza kuuviringa waya wake upya, taratibu, bila hasira, na hapo nikajua nimekutana na mwenzangu.

"Bei haishuki," akasema, "lakini naweza kukuongezea. Wale wa kampuni watakupeleka studio ukarekodi salamu ya kupokea wateja, na utailipia. Mimi nitakurekodia mwenyewe, bure." Akanyanyua mkono wa ile simu isiyounganishwa popote, akalainisha sauti kama asali, akasema: "Karibu. Umefika panapouzwa pampu na mabomba. Kuzungumza na kaunta, bonyeza moja."

Mhasibu wangu alishuka ngazi kuona mgeni gani kaingia. Ni mtu mzima, mwenye wajukuu, na alikuwa anafunga kifungo cha shati.

Nikafunga biashara palepale. Kitu cha bure kilichotoka kwa mtu asiyepunguza bei kilinipa furaha kuliko punguzo lenyewe.

Watu walimwita Bi Karibu. Jina hilo alilipata hotelini, alikokaa miaka mingi kwenye chumba cha simu nyuma ya ngazi, amevaa vile vya masikioni, akiunganisha wageni na vyumba vyao. Hakuna mgeni aliyepata kumwona. Walimwachia zawadi mapokezi, "mpe yule mama wa simu," na mapokezi wakazila. Siku hoteli iliponunua mtambo unaojipokelea wenyewe, alipewa barua na mwezi wa kumfundisha fundi aliyekuja kuufunga, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua laini ipi inakwenda chumba kipi. Fundi akawa anamuuliza, na yeye anamuuliza fundi. Fundi alipoondoka, Bi Karibu alikuwa amechukua kilichokuwa kichwani mwa fundi na fundi hakupungukiwa kitu. Hiyo ndiyo aina ya biashara ninayoiheshimu.

Kiinua mgongo chake kilinunua seva. Mumewe, fundi seremala, aliitengenezea kabati lenye matundu ya kupitisha upepo, akalipiga vanishi kama kabati la vyombo vya bibi harusi. Likawekwa chumba cha nyuma, chumba pekee chenye kiyoyozi nyumba nzima. Mama mkwe wake alikuwa anaishi nao, na joto lilipozidi alikuja kukaa mlangoni pale na kiti chake.

"Mimi nimemzaa mwenye nyumba naoga jasho," alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika jikoni. "Sanduku hili halijazaa hata paka, linapulizwa."

"Mama, hilo ndilo linalotulisha. Likilipa, na wewe nitakununulia kiyoyozi chako."

"Basi na mimi linilishe upepo. Lisogeze, niweke godoro."

Nilifika kwake mara kadhaa katika mwaka ule wa kwanza, na sikumwona ametulia hata siku moja. Anakuandalia chai huku sikio liko chumba cha nyuma. Umeme ukikonyeza, anasimama. Akipita ukumbini anaupapasa ukuta kwa kiganja, kusikia kama feni bado inazunguka, kama mtu anavyopapasa paji la mtoto. Kwenye arusi ya mdogo wake alikaa kiti cha karibu na mlango, na kabla keki haijakatwa alikuwa ameshapiga namba ya kila mpangaji kuhakikisha inaita.

"Shoga, utakufa kwa presha," nilimwambia.

"Nikilala mimi wanalala wote. Sanduku la ukutani likifa, limekufa la mtu mmoja. Humu kikitokea kitu, kimewatokea wote siku moja."

Simu zangu hazikufa. Mauzo yalipanda. Nikafikia mahali nikathubutu kuomba kazi kubwa: kampuni ya kuchimba visima ilitaka pampu na mabomba ya msimu mzima, na taratibu zao zilidai bei kutoka kwa wafanyabiashara watatu wasiohusiana. Nilijua mmoja wa hao ni Bei Poa, mwenye duka barabara ya pili. Jina hilo alijipa mwenyewe, akalichora kwenye gari, na bei zake hazikuwa poa kuliko zangu. Wa tatu alikuwa dhaifu. Mnunuzi wa kampuni akaniambia kwa mdomo kwamba nina nafasi nzuri, nami nikafanya jambo ambalo kila mfanyabiashara amefanya akakataa: nikaleta mzigo kabla ya sahihi. Stoo ikajaa pampu mpaka darini. Ukitaka kupita, unapita ubavu.

Kisha mnunuzi akaacha kupokea simu zangu.

Siku ya kwanza ukimya ni kazi nyingi. Siku zilizofuata ukimya ulianza kuwa na sura. Nikawa nasikia simu ya kaunta ikilia naruka mimi kabla ya binti wa kaunta. Kila nikiingia stoo, zile pampu kwenye maboksi yake zilinitazama kama jamaa waliokuja msibani na hakuna aliyeandaa chakula. Mwishowe nikaenda ofisini kwake bila miadi.

Mnunuzi alikuwa mtu mkavu, mwenye kalamu mfukoni zimepangwa kwa rangi. Hakuniambia nikae.

"Mama, mimi si mtoto," akasema. "Nimepiga kwako, nimepiga kwa Bei Poa. Mwanamke yuleyule ananiambia karibu. Sauti ileile, pumzi ileile. Nikarudia, nikampa na katibu wangu asikilize. Nyinyi ni duka moja lenye milango miwili, mnaniletea bei mbili kutoka chungu kimoja."

Nikakaa hata bila ruhusa.

"Yule ni... ni mwenye mtambo," nikasema.

"Mtambo wa nani?"

Wakati huohuo na mimi nilikuwa ndiyo kwanza naelewa. Bei Poa yumo. Mwaka mzima simu zangu na simu za Bei Poa zilikuwa zimelala kwenye sanduku moja, zimetenganishwa na ukuta ambao sijawahi kuuona kwa macho.

"Ijumaa napeleka jina kwa mkurugenzi," akasema mnunuzi. "Mkiwa bado wamoja, mnatoka wote wawili, na nitaandika kwa nini. Mji huu wanunuzi tunajuana."

Kutoka pale hadi kwa Bi Karibu sikumbuki njia niliyopita. Nakumbuka nilichokuwa nahesabu kichwani: kila mteja aliyenikimbia mwaka ule, na kama alikimbilia kwa Bei Poa. Ukishaanza kushuku, kila kitu kinakuwa ushahidi. Yule wa shule aliyesema atarudi. Yule mkulima aliyejua punguzo langu kabla sijalitaja.

Mama mkwe ndiye aliyenifungulia. "Kuna nini? Umekuja uso umekunjamana."

"Mkweo yuko wapi?"

"Na mke mwenzake," akasema, akanionyesha chumba cha nyuma.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kabati na kitambaa anafuta vumbi. Nilimweleza yote kwa mkupuo mmoja. Alivyosikia "sauti ileile" kitambaa kikamwanguka.

"Ile salamu," akasema.

"Umewarekodia wote?"

"Wote. Mlibishana bei wote." Akakaa sakafuni. "Nimejenga ukuta kwenye kila kitu. Namba, rekodi, funguo, foleni za wateja, hata ule muziki wa kusubiria nimetenganisha. Halafu nimekwenda kusimama mwenyewe kwenye kila mlango."

Zahanati ya wazazi ilikuwa na sauti yake. Shule ilikuwa na sauti yake. Hata kampuni ya magari ya mazishi, mtu aliyefiwa anapiga anaambiwa karibu na mwanamke yuleyule aliyemkaribisha kununua bomba. Hayo aliyasema mwenyewe kwa kuchanganyikiwa, kisha akajishika mdomo, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kumtajia mtu wapangaji wake.

Sasa, mimi nilihitaji kujua jambo moja, na sikutaka kulijua kwa kuapiwa. Kiapo hakigharimu kitu. Nikafunga mlango.

"Sikiliza, dada. Yaliyotokea yametokea. Bei Poa anapozungumza na yule mnunuzi, mazungumzo yanarekodiwa humu, sivyo? Nipe dakika mbili tu za hayo. Nitakulipa kodi ya mwaka mzima mbele, kesho asubuhi."

Nilimpa bei nzuri. Sikumpa bei ya mzaha, maana bei ya mzaha haipimi mtu. Ilikuwa bei ambayo ingemtoa jasho mtu aliyemwahidi mkwe wake kiyoyozi.

Bi Karibu aliokota kitambaa, akasimama.

"Toka chumba hiki," akasema.

"Nakuuliza tu."

"Umeshauliza. Toka."

Nikatoka, na kwa mara ya kwanza siku ile nikavuta pumzi mpaka chini. Kilichokataliwa kuuzwa kwangu kwa bei ile hakikuuzwa kwa Bei Poa, yule ni bahili kuliko mimi. Nikabisha hodi, nikiwa ukumbini.

"Sawa," nikasema kupitia mlango. "Sasa twende kwa mnunuzi ukamwambie kwamba sisi ni vyumba viwili."

"Siwezi. Nikisema hivyo nimemtaja mpangaji."

"Anamjua tayari!"

"Anadhani. Nikisema mimi, anajua. Kuna tofauti." Akaendelea: "Na kesho zahanati wakisikia kwamba nilikwenda kwa mtu kueleza habari za wapangaji, watauliza na zao nimezieleza kwa nani."

"Basi nibadilishie salamu yangu leo. Weka sauti nyingine, nitasema alisikia vibaya."

Neno lilikuwa halijafika mwisho nikajua ni la kijinga. Mtu akiitwa mwizi saa nne, saa tano akaonekana anafua shati, nani atamsikiliza? Yeye alifungua mlango, amefunga kanga vizuri, kapu mkononi.

"Kwanza kwa Bei Poa," akasema. "Yeye akikubali atajwe, nitasema. Akikataa, mimi na wewe tutazama, na utanisamehe."

"Sitakusamehe."

"Najua. Twende."

Bei Poa alikuwa nyuma ya kaunta yake, tumbo mbele, anakula karanga. Aliponiona akapiga kofi mezani.

"Dada mkubwa! Umekuja kujifunza kupanga bidhaa?"

"Nimekuja kuona vumbi lako, bidhaa sikuziona."

Kisha akamwona Bi Karibu nyuma yangu, na karanga zikakwama. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, na nikaona kile kilichonipata mimi njiani kikimpata yeye palepale amesimama. Alianza kuhesabu wateja wake kwa vidole kabisa, juu ya kaunta.

"Huyu naye yumo humo?" akamuuliza. "Umeniweka nyumba moja na huyu?"

Bi Karibu alimweleza, sauti yake ya kawaida, isiyo ya simu, ambayo ni ndogo na inakwaruza kidogo. Alimwambia mnunuzi amesikia nini na Ijumaa kutakuwa nini. Alimwambia bila ruhusa yake hatasema. Bei Poa akapaza sauti, akasema ataenda mahakamani, akasema atamtangaza redioni. Mimi nikangoja amalize. Nilijua ana mzigo. Nilikuwa nimeona maboksi ya mabomba yamezagaa mpaka kibarazani, yamefunikwa turubai, kama mtu aliyesafisha chumba cha mgeni akaambiwa mgeni haji.

"Ukimtangaza redioni Jumamosi," nikamwambia, "Ijumaa itakuwa imeshapita."

Akatafuna. "Nitakwenda na mimi. Msininong'one nyuma."

Ofisi ya mnunuzi ilikuwa na viti viwili, tukawa watatu, na Bi Karibu akasimama. Mnunuzi aliita katibu wake awe shahidi.

Bi Karibu hakupoteza muda na maelezo ya mtambo. Alisema: "Karibu. Umefika panapouzwa pampu na mabomba." Kwa ile sauti. Katibu akashtuka, akaangalia simu mezani. Kisha akarudi kwenye sauti yake ya kukwaruza. "Sauti ni yangu. Pampu si zangu, na hawa si mtu mmoja. Wamepanga kwangu, kila mtu na chumba chake. Kosa ni langu, niliwapa mlango wa rangi moja."

"Naweza kukubali hayo," akasema mnunuzi. "Lakini wewe unakaa katikati. Nitajuaje hubebi bei za huyu kumpelekea yule?"

Ni swali lisilojibika. Angeweza kufungua kompyuta, akaonyesha kuta zote, na mnunuzi angesema nyumba ni yako, funguo zote unazo. Nikamwona anaanza kuupapasa ukuta wa ile ofisi kwa kiganja, bila kujua anafanya. Feni haikuwepo. Nikaona mzigo wangu wote unarudi bandarini.

"Mimi nilijaribu kununua," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Simu za huyu." Nikamwonyesha Bei Poa kwa kidevu. "Leo hii, chumbani kwake, nilimpa kodi ya mwaka mzima aniuzie. Akanifukuza. Sasa niambie, ningekuwa ndugu yake huyu, ningenunua maneno yangu mwenyewe?"

Bei Poa akaruka. "Ulitaka kunisikiliza? Mwanamke huna haya!"

"Sina. Nina pampu."

"Kodi ya mwaka mzima!" Akamgeukia Bi Karibu, uchungu umemjaa usoni. "Mimi nilikupa miezi sita ukanikatia simu!"

Alipokwisha kusema ndipo akajisikia. Katibu alifunika mdomo kwa faili. Mnunuzi alimtazama Bei Poa, akanitazama mimi, akachukua kalamu nyekundu, akairudisha mfukoni.

"Lini?" nikamuuliza Bei Poa. "Lini ulitaka kuninunua?"

"Mwezi uliopita. Nilimwambia kama na wewe umo humo aniuzie, akakata bila kusema umo. Usijifanye malaika."

"Miezi sita! Mimi thamani yangu ni miezi sita?"

Tulipigana maneno pale mpaka mlinzi akachungulia. Sikuwa naigiza, na yeye hakuwa anaigiza, na nadhani hicho ndicho kilichomtosha mnunuzi kuliko kompyuta yoyote. Alipogonga meza alikuwa amekwisha kuamini.

"Basi," akasema. "Si wamoja. Ila fahali wawili hawakai zizi moja, angalau si wakati ninapolima nao. Kabla ya Ijumaa mmoja wenu atoke kwenye hiyo nyumba. Yupi, si juu yangu."

Macho yote yakaenda kwa Bi Karibu. Mimi nilijipanga. Nilikuwa nimeokoa shingo yake mbele ya mashahidi, kwa hiyo nilidhani jibu nalijua. Bei Poa naye, kumbe, alikuwa mpangaji wa kwanza kabisa kumwamini, na alidhani jibu ni lake.

"Watoke wote wawili," akasema.

"Bi Karibu!"

"Nikimbakiza mmoja, mwingine atasema nilipendelea. Atasema hata kabla hajafika ngazi." Akajitanda kanga. "Na nyote wawili mlikuja kuugonga ukuta mkitaka kutoboa. Siwezi kukaa nasikiliza feni na kusikiliza na nyinyi."

Alichukua kapu lake. Alhamisi jioni vyumba vyote viwili vilikuwa vimefungwa, na kila mmoja wetu amepewa rekodi zake kwenye kijisanduku, zilizofungwa kwa ufunguo wake. Alitupatia mpaka majina ya mafundi wa kutuhamishia namba. Ijumaa mnunuzi akapeleka majina: pampu zangu, mabomba ya Bei Poa. Sote tulitaka vyote viwili. Stoo yangu ilipumua nikaweza kupita kifua mbele.

Kwa Bi Karibu hesabu ilikuwa mbaya. Sisi wawili tulikuwa wapangaji wake wakubwa, na seva haili kidogo eti kwa sababu vyumba vimebaki vitupu. Zahanati nayo ilihama, kwa kuwa habari ilifika kwao imepinda. Shule ilibaki. Wa magari ya mazishi alibaki, akasema wateja wake huwa hawalalamiki. Kila mmoja alirekodi salamu kwa sauti ya mtu wake, na sasa kabla hajampokea mpangaji mpya Bi Karibu anamuuliza kwanza mshindani wake ni nani. Hilo linamkosesha wateja, maana mji huu kila mtu anashindana na kila mtu. Kiyoyozi cha mkwe hakikununuliwa. Mkwe mwenyewe amehamishia godoro chumba cha nyuma, na Bi Karibu anasema afadhali, angalau kuna anayelilinda kabati akitoka.

Mimi nilirudi kwa kijana wa tai. Sanduku liko ukutani, ninalipa karibu mara mbili, na likikatika naambiwa nijaze ombi. Salamu amerekodi mhasibu wangu. Anasema "karibu" kama daktari anayeanza kukueleza majibu ya vipimo, na nimesikia wateja wakikata.

Miezi michache baadaye nilikwenda kwake na bei mpya, nzuri, isiyo na shaka. Nilisema mkataba wa visima umekwisha, sababu ya kunitoa haipo, chumba kiko kitupu, tuelewane. Alinipa chai. Sikio lake lilikuwa chumba cha nyuma, ambako mama mkwe alikuwa akikoroma.

"Hapana, dada," akasema.

Nikaongeza. Nikanyamaza, kama ninavyojua kunyamaza. Nikasema basi niuzie ile salamu tu, taja bei yoyote.

Alinitilia chai kikombe cha pili, na bei hakuitaja.